Jaruba la Mama Mihayo

Jumapili, 12 Januari

Leo Mwalimu Kalisti, anayetufundisha darasa la ubatizo, amemgawia kila mmoja wetu daftari. Tutabatizwa Pasaka lambo likijaa, na mpaka siku hiyo kila mtu aandike mambo mawili: mahali alipomfuata Yesu na mahali alipokimbia. Alisema tusiandike mambo ya mbinguni. Tuandike ya nyumbani, ya kisimani na ya shuleni. Ritha akauliza, akikimbia mara nyingi ataongezewa daftari? Darasa lote lilicheka, hata Mwalimu. Mimi nilicheka kimoyomoyo kama kawaida yangu.

Jina langu Klara Eliya, kidato cha tatu. Baba yangu ni mzee wa kanisa, na ni katibu wa sungusungu wa kijiji pia. Nikisalimia watu sauti yangu hufika nusu ya njia. Sijui kama huko nako ni kukimbia.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Matope.

Jumamosi, 18 Januari

Watu wameshinda kwenye dagashida, mkutano wa kijiji anaouongoza mtemi wa sungusungu, Mzee Mwigulu. Baba alirudi saa tisa alasiri, buku la kumbukumbu likiwa kwapani, akatuita mimi na Mama uani akatusomea. Sheria inataka kila nyumba isomewe.

Mama Mihayo ametengwa.

Ni jirani yetu wa upande wa mbuga, bondeni kunakolimwa mpunga, mjane, anaishi peke yake. Mwezi wa kumi na mbili alipofariki kaka wa mtemi, Mama Mihayo hakufika msibani. Hakuleta maji, hakuleta kuni, hakulala matangani hata siku moja. Kila mtu anajua alikuwa wapi. Mwanawe Mihayo anachimba dhahabu Geita, na shimo lao, wanaloliita duara, lilimporomokea miguu. Mama yake alipopigiwa simu alikwenda Isaka, akaomba lifti kwenye lori la mizigo mpaka Kahama, akafika Kalangalala, mjini Geita, siku ya pili. Amemuuguza wiki tatu. Ila hakumuaga mtu, na aliporudi hakwenda kwa wafiwa kutoa pole.

Mkutano ulimtaka alete mbuzi mmoja na aombe radhi mbele ya watu. Baba alisoma jibu lake kama alivyoliandika: “Marehemu alikuwa na watu mia wa kumlilia. Mwanangu alikuwa na mimi tu. Mbuzi ninaye, lakini mbuzi wa kosa hilo sina.”

Basi hukumu ni hii. Asisalimiwe wala kuitikiwa. Asipewe moto. Asisagiwe mashineni. Asisaidiwe kazi ya shamba. Nyumba itakayovunja itatengwa pamoja naye. Ni mpaka alete mbuzi.

Mama alisema, “Ametaka mwenyewe na mdomo wake ule.” Kisha akaingia jikoni kupika.

Jumapili, 19 Januari

Mahubiri yalikuwa juu ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa kando ya njia, wakampita wawili waliojua dini. Nilitazama watu wa benchi zote. Hakuna aliyetazama upande wa mbuga. Mama Mihayo hasali kwetu siku hizi. Aliacha kuja miaka mingi iliyopita, alipogombana na akina mama wa kwaya kwa sababu ya sare.

Jumanne, 21 Januari

Nimekutana naye kisimani.

Nilikuwa na ndoo kichwani na yeye alikuwa anakuja. Njia ile ni nyembamba, lazima mmoja akanyage majani ili mwingine apite. Nilifundishwa kusema shikamoo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Nimewahi kumpa shikamoo hata mlevi aliyelala. Leo nilimwona Mama Mihayo ananitazama usoni akisubiri, na mimi nikatazama maji yaliyokuwa yananitiririkia kwenye kifua cha gauni. Nikakanyaga majani. Akapita.

Mahali nilipokimbia: hapo. Mahali nilipomfuata: hakuna.

Ijumaa, 24 Januari

Magesa, mwenye mashine ya kusaga, alimrudishia Mama Mihayo debe lake la mahindi. Ritha alikuwepo, anasema Magesa aliliweka nje ya mlango bila kusema neno, kama mtu anayetoa takataka. Leo jioni nimesikia kinu kikipigwa kule kwake. Sijamsikia mtu akitwanga mahindi ya unga tangu bibi yangu afariki.

Jumamosi, 25 Januari

Kinu tena.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua kubwa siku tatu. Majaruba yote ya mpunga yamejaa maji, mbuga inang'aa kama bati jipya. Tumekosa shule jana kwa sababu ya korongo.

Jumamosi, 1 Februari

Kazi ya kupandikiza mpunga imeanza. Huku kwetu hakuna anayepandikiza peke yake. Akina mama hujipanga kundi, watu ishirini au thelathini, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mbuga yote iishe. Kwa sababu maji hayasubiri, wala miche haisubiri. Mche ukizidi mwezi kitaluni huanza kutoa vifundo, na ukiutoa hapo hauzai tena sawasawa.

Leo walikuwa kwetu. Nilibeba miche na uji. Nilithubutu kumwambia Mama kwamba tulifundishwa kwenye somo la kilimo kutumia kamba, mstari kwa mstari, sentimita ishirini kwa ishirini. Mwaka jana nilijaribu kwenye pembe moja ya jaruba letu, wakacheka mpaka wakakaa kwenye matope. Leo wamecheka tena. Mama Ritha alisema nipewe rula nikapime na ng'ombe.

Tulipomaliza saa saba, jaruba la jirani, lile la Mama Mihayo, lilikuwa limejaa maji bila mche hata mmoja. Amelivuruga mwenyewe kwa jembe la mkono. Kitalu chake kimestawi kuliko vyote, alikipanda mbegu tarehe nane Januari, siku moja na sisi. Alikuwa ameinama kwenye kona, anapandikiza peke yake. Akina mama thelathini walikaa wakanywa uji hatua hamsini kutoka kwake, na walipoimba aliinamia upande mwingine. Mguu wake mmoja una jipu la zamani, hawezi kusimama kwenye maji muda mrefu. Alitoka, akakaa, akaingia tena.

Jumatano, 5 Februari

Baada ya darasa nilibaki nyuma. Nilikuwa nimeliandika swali kwenye karatasi ili nisilisahau, nikampa Mwalimu Kalisti karatasi badala ya kuuliza. Niliandika: Kama sheria ya kijiji inakataza kumsalimia mtu, mfuasi afanye nini?

Alisoma, akakunja. Yeye ni mgeni hapa, kwao ni Tabora, amepanga chumba kwa ndugu wa mtemi. Alisema alijua swali hili litakuja na alitumaini litaulizwa kwa mtu mwingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo kama yangu, “Klara, na mimi nimempita. Mara mbili. Mara ya pili nilijifanya napokea simu.”

Nilidhani walimu wana ukurasa wa mwisho wenye majibu.

Jumamosi, 8 Februari

Nilikwenda kwa Mchungaji Boaz. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri na nusu saa kugonga mlango. Alinipokea vizuri, akanipa chai na mihogo. Nilimweleza. Hakunigombeza hata kidogo, na naandika hivyo ili nisimtendee vibaya hapa.

Alisema anamwonea huruma sana Mama Mihayo. Alisema pia kwamba mwinjilisti wa kwanza wa kanisa hili naye alitengwa na watu, akafiwa na mtoto, akachimba kaburi yeye na mkewe. Tangu siku hiyo wazee wa kanisa waliamua kutoshindana na dagashida. “Tukigombana nao leo, siku ya msiba nani atatuchimbia?” Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

Tukaomba. Yalikuwa maombi mazuri, marefu. Tulipofumbua macho chai ilikuwa imepoa.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua asubuhi. Mama Mihayo ameshapandikiza eneo la kama mkeka mmoja tu.

Jumanne, 11 Februari

Mvua.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Mikeka miwili. Miche yake ni ya wiki tano sasa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefanya.

Sikupanga kama watu wanavyopanga mambo. Niliamka kabla ya jogoo kwa sababu ya mvua kwenye bati, nikaona siwezi kumsalimia mbele za watu, siwezi kusema na wazee, siwezi hata kuuliza swali kwa mdomo wangu. Ila kupandikiza naweza, na kupandikiza hakuhitaji sauti. Nikachukua kamba yangu ya shule na vijiti viwili, nikashuka mbugani mpaka jaruba la Mama Mihayo giza likianza kuachia.

Nilipandikiza mistari kumi na minne. Nilitumia kamba kwa sababu ndivyo ninavyojua, na kwa sababu nilitaka iwe kazi nzuri, si ya kuibia. Jua lilipotaka kutoka niliondoka kwa kupitia korongoni. Mama aliuliza nilikuwa wapi nikasema nilikwenda kuosha mitego ya samaki ya mdogo wangu Amosi, jambo ambalo halina maana yoyote, akaniangalia kisha akanipa uji.

Mahali nilipomfuata: mistari kumi na minne. Mahali nilipokimbia: korongoni.

Jumanne, 18 Februari

Leo nilirudi kabla ya shule. Nilikuwa kwenye mstari wa tisa nikaona miguu kwenye tuta. Mama Mihayo alikuwa amesimama na kikapu cha miche, ananitazama. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi.

Aliuliza kama baba yangu anajua. Nikatikisa kichwa. Aliuliza kama Mama anajua. Nikatikisa tena.

“Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya lile daftari la kanisani?”

Nilishtuka kwamba analijua. Akasema watoto wa darasa la ubatizo wanapita uani kwake kila Jumapili wakitajiana dhambi kwa sauti, angekosaje kujua. Nilitaka kusema ni kwa ajili yako. Lakini nilikumbuka jinsi nilivyoandika ile hesabu ya mistari Jumamosi, na jinsi nilivyoisoma mara mbili kabla ya kulala. Nikahamisha kamba kwenye mstari wa kumi.

Hakunisukuma zaidi. Aliingia majini akaanza kupandikiza upande wake, bila kamba, mikono inakwenda kama ya mtu anayelisha kuku. Akatazama mistari yangu, akasema, “Mpunga nao siku hizi unapangwa foleni kama wagonjwa.”

Hapo ndipo ilipotoka yenyewe. Nilisema, “Shikamoo, mayu,” kama tunavyowaita mama zetu.

Hakuitika upesi. Alisafisha koo, kama mlango uliofungwa mwezi mzima. Kisha akasema marahaba, na tukaendelea mpaka nilipolazimika kwenda shule. Wakati naondoka aliniambia nisije tena. Alisema wachunga ng'ombe wakipita tu, kila mtu atajua.

Alhamisi, 20 Februari

Sikwenda. Jua kali.

Ijumaa, 21 Februari

Sikwenda. Nilimwona kwa mbali. Alikuwa amekaa tutani, mguu umenyooka mbele yake.

Jumamosi, 22 Februari

Wamejua.

Magesa alikuwa anatafuta ndama aliyepotea, akapita kwenye matuta. Akaona mistari iliyonyooka. Kijiji kizima kinapandikiza kwa mkono unavyoangukia, na kijiji kizima kinajua ni nani anayepandikiza kwa kamba. Sikufikiria hilo. Nimesoma vitabu vyote vilivyopo kwenye kabati la shule na sikufikiria hilo.

Mzee Mwigulu alikuja mwenyewe nyumbani. Hakukaa. Alimwambia Baba ni jambo gumu sana kwake kwa kuwa wao ni marafiki tangu utotoni, lakini sheria ni ileile kwa katibu na kwa asiye katibu. Dagashida itakaa Jumamosi ijayo. Niletwe.

Baba hakunipiga. Alikaa uani mpaka mvua ikaanza kumnyeshea, na Mama akamwita mara tatu.

Jumapili, 23 Februari

Ritha amekaa mbali nami kanisani. Alinitumia karatasi: Mama amesema tusubiri kwanza, usikasirike.

Sikukasirika. Ningekaa mbali pia.

Jumanne, 25 Februari

Mama haniongeleshi. Anapika, ananiwekea chakula, anaangalia mahali pengine. Nadhani anafanya mazoezi ya jinsi itakavyokuwa. Tukitengwa, Amosi hatacheza na mtoto yeyote. Mpunga wetu ukiiva hakuna atakayekuja kuvuna. Bibi mzaa Mama anaumwa, akifariki tutachimba wenyewe. Haya yote nimeyafanya mimi na kamba ya mita tano.

Nimemwandikia mtemi barua. Kurasa tatu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nimeeleza kwamba Mama Mihayo hakuniita, nilikwenda mwenyewe, naye alinikataza. Nimempa Baba kwa kuwa katibu ndiye hupokea barua. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati, akasema barua ya mtoto haisomwi dagashida.

Jumamosi, 1 Machi

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa, nisiongeze.

Wanaume walikuwa wamekaa duara kwenye uwanja wa shule ya msingi, labda mia mbili. Mtemi kwenye kiti, Baba pembeni yake kwenye dawati dogo la wanafunzi, na buku. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, yalitokeza pande zote mbili. Mchungaji Boaz alikuwepo. Mwalimu Kalisti alikuwepo, nyuma kabisa. Mimi na Mama Mihayo tulisimamishwa katikati, umbali wa kama hatua sita. Alikuwa amevaa kitenge safi. Mguu wenye jipu aliusimamisha kwa ncha ya kidole.

Magesa alieleza alichokiona. Mtemi akaniuliza kama mistari ni yangu. Nilisema ndiyo. Wakaniambia nirudie. Nikarudia. Mtu mmoja akasema huyu mtoto anaongea na viatu vyake, watu wakacheka, na nashukuru walicheka kwa sababu nilipata nafasi ya kuvuta pumzi.

Mtemi akauliza, “Ni nani aliyekutuma?”

Nilikuwa na jibu. Nililirudia wiki nzima njiani kwenda shule. Lilikuwa na maneno matatu tu: hakuna, nilikwenda mwenyewe. Nilifungua mdomo.

“Mimi,” alisema Mama Mihayo.

Watu wakanyoosha shingo.

“Mimi nilimwita. Nilimdanganya kwamba baba yake amekubali, na kwamba kutengwa kumekwisha. Ni mtoto wa shule, anaamini kila kinachosemwa na mkubwa. Nyumba ya Eliya haina kosa. Andika hivyo, katibu.”

Nilimgeukia. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mtemi kwa macho yaleyale makavu aliyonitazama nayo kisimani, lakini safari hii alikuwa anaomba, na kila mtu aliona kwamba anaomba.

Mtemi aliniuliza kama ni kweli. Nilifungua mdomo tena. Nilimtazama Baba. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwake, niliona pembe yake nyeupe. Yeye peke yake, kati ya watu wote wale, alijua kwamba ni uongo.

Kisha kalamu ikaanza kwenda.

Alisoma kwa sauti alichoandika: “Mtoto amekubali.”

Sikuwa nimesema kitu.

Hukumu ilisomwa. Kwa kuwa alitengwa akavunja, na kwa kuwa alimdanganya mtoto wa kiongozi, mbuzi amefutwa. Atoe ng'ombe. Ana mmoja tu, mtamba ambaye Mihayo alimnunulia baada ya miaka mitatu ya kuchimba. Mama Mihayo aliinamisha kichwa, akaomba radhi kwa wafiwa, kwa mtemi, kwa kijiji. Aliomba radhi kwa kwenda kwa mwanawe. Alilisema hilo wazi kabisa, kama walivyotaka alitaje.

Mchungaji aliombwa afunge mkutano kwa sala. Akafunga.

Jumapili, 2 Machi

Nimesema naumwa. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 3 Machi

Baba alinikuta nachambua michembe ya viazi. Alikaa kwenye kigogo cha kuni na kwa muda mrefu alikuwa anaokota vipande vibovu vya viazi na kuvitupia kuku. Nilidhani ataniambia nimeponyoka, nishukuru. Tangu Jumamosi nilikuwa namwona kama mtu nisiyemjua, na nilikuwa nimeamua kumheshimu tu bila kumpenda.

Alisema alipokuwa na miaka minane nyumba yao ilitengwa msimu mzima. Sikuwahi kusikia. Babu alikuwa amekataa kutoa ng'ombe wa kulima shamba la mtemi wa wakati ule. Baba alisema njaa hakuikumbuka sana. Alichokumbuka ni kwamba mwishoni alianza kusalimiana na mbwa.

Kisha akasema, “Nilikuona umefungua mdomo. Ndiyo maana niliandika haraka.”

Nikamuuliza, na ni mara ya kwanza nimemuuliza Baba kitu cha namna hiyo, kama hakumwonea huruma Mama Mihayo. Akasema alimwonea. Akasema hata sasa. Aliinuka, akasimama kidogo, akaniambia kuku wasile michembe yote.

Sijui niiweke wapi siku hii. Hailingani na safu yoyote ya daftari hili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mihayo kumwambia asante na samahani. Hukumu ya kutengwa bado ipo mpaka ng'ombe achinjwe, kwa hiyo nilisimama nje ya uzio wa minyaa nikasemea ndani. Nilimuuliza kwa nini.

Alikuwa anamkamulia ndimu mtoto wa mbuzi anayeharisha. Bila kuinua kichwa alisema, “Wewe ungeweza kutengwa? Hata ukisalimiwa unataka kulia.”

Nikasema ningejitahidi. Akasema anajua ningejitahidi, ndiyo sababu. Kisha akanifukuza.

Jumamosi, 8 Machi

Mtamba amechinjwa.

Sasa ndiyo nimeelewa kwamba watu hawakuwa wakimchukia. Hilo ndilo linalonisumbua. Mara tu damu ilipomwagika uwanja mzima uligeuka. Akina mama walimkimbilia, wakamkumbatia, Mama yangu alilia shingoni mwake. Mama Ritha alimletea kanga mpya. Magesa alisema alete mahindi yake yote kesho, hatamtoza. Mtemi alimshika mikono yote miwili, akamuuliza, kwa upole wa kweli, “Na kijana wetu, miguu inaendeleaje?” Tangu aporomokewe na lile duara, hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Akasema mmoja umepona, mwingine wataukata.

Mtemi alisema pole sana. Wazee wote wakasema pole. Mzee mmoja alivua kofia.

Nyama iligawanywa kwenye masinia. Kwa desturi mwenye kosa ndiye anayegawa kwa mkono wake. Alipofika kwenye sinia la wasichana nilikuwa nimekaa mikono juu ya magoti. Ritha alikuwa amerudi karibu yangu, anatafuna na kunisimulia jambo la shule. Mama Mihayo aliniwekea kipande cha ubavu.

“Kula,” alisema. “Usipokula watauliza kwa nini.”

Nikala. Ilikuwa laini, kwa kuwa alikuwa ng'ombe mchanga. Nilimaliza yote.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji ametangaza kwa furaha kwamba kuna amani kijijini, na Mama Mihayo alikuwa amekaa benchi la tatu. Watu walipiga makofi. Mwalimu Kalisti hakupiga, wala hakukusanya madaftari kama alivyokuwa ameahidi.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu mchana, yakapita.

Jumamosi, 15 Machi

Akina mama wamekwenda kwa Mama Mihayo kumpandikizia. Walikuwa zaidi ya hamsini, hata waliotoka kitongoji cha pili. Sijawahi kuona kundi kubwa namna hiyo kwenye jaruba moja. Walikuja na uji, na maziwa ya mgando, na matobolwa ya viazi vikavu, ili asipate shida ya kuwapikia. Walimkatalia asiingie majini. Walimtandikia mkeka tutani, wakamwambia leo wewe ni bibi harusi, kaa tukuone, naye akawaambia bibi harusi gani mwenye jipu. Wakacheka wote.

Mimi nilikuwa mng'oaji. Kazi yangu ilikuwa kung'oa miche kitaluni na kufunga mafungu. Ilikuwa imerefuka kupita goti, majani ya chini manjano. Kila mche ulikuwa na kifundo, mingine vitatu. Mingi ilikatikia mkononi nikabaki na majani. Nilimwonyesha Mama. Aliutazama mche, akaupokea, akaufunga pamoja na mingine kwa uangalifu kama ni mizima. Wote wamezaliwa mbugani, kila mmoja wao aliyeshika fungu alijua ameshika nini. Waliimba kwa nguvu zaidi kuliko walivyoimba kwetu, na walipanda vizuri, kwa upendo kabisa, jaruba lote mpaka kwenye pembe. Ilipofika saa tano kazi ilikuwa imekwisha.

Mama Mihayo alisimama akamshukuru kila mtu kwa jina la mwanawe. Mama Ritha, asante. Mama Amosi, asante. Hakumruka mtu. Wakaitikia, wakamwambia mavuno watakuja tena wote.

Wakati wa kurudi nilitembea nyuma ya Baba kwenye tuta. Maji ya jaruba yalikuwa yameshuka chini ya alama ya wiki iliyopita, na upande wa magharibi, ambako mvua hutokea, anga lilikuwa jeupe. Nilimuuliza kama itazaa.

Aliendelea kutembea. Nilidhani hakusikia, kwa sababu ya sauti yangu. Tulipofika kwenye uzio alishika mlango ili nitangulie kuingia, na akasema ndiyo, itazaa, kwa nini isizae.

Baba ni mzee wa kanisa na hasemi uongo. Nilimwitikia kwamba kweli, itazaa, nikaingia ndani kunawa matope.